Nusu kwa Mia

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Wiki ya kwanza ya likizo. Leo nimezungumza na watu wawili: Baba na muuza mkate. Muuza mkate ndiye aliyejibu.

Baba ananunua na kuuza hisa kwenye meza ya kulia. Si mara mojamoja kama watu wenye adabu zao, bali mara thelathini kwa siku. Mama anafanya kazi mji mwingine, hurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo meza haina mtetezi. Mimi nakula jikoni, nimesimama.

Ahadi ya Baba ni ileile: akifikisha faida ya siku, anafunga kompyuta, tunacheza drafti. Hajaifikisha hata mara moja. Dalali wake anakata moja na nusu kwa mia kila anaponunua na kila anapouza. Kamisheni inanila mbichi, anasema. Basi nacheza peke yangu, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Wa kushoto unaiba.

Ndipo wazo likanijia. Nimtafutie dalali nafuu! Faida itatimia mapema. Drafti saa sita mchana! Nina akili sana, sema tu hakuna anayeuliza.

Jumanne, tarehe 5

Nimepiga mistari kwenye daftari la jiografia. Madalali watano, safu nane: kamisheni, kasi, namna ya kuingiza oda, na kadhalika.

Programu ya Baba ni kobe. Oda moja, kurasa tano: chagua hisa, andika idadi, andika bei, hakiki, weka nywila. Kati ya kurasa kuna kiduara kinachozunguka. Kikizunguka, Baba hugeuka akanitupia neno. Leo kaniuliza mtihani wa kemia ulikuwaje. Nikaanza kumweleza. Kiduara kikasimama, naye akarudi zake sokoni. Nimeandika kwenye jedwali: "Inasubirisha mno. Haifai."

Madalali nimewaandikia ujumbe, nikijifanya mtu wa oda arobaini kwa siku. Kupiga simu nisingeweza. Shuleni nimefundishwa lugha mbili, na zote mbili huniishia mbele ya watu. Mhudumu wa dalali wa nne alijibu vizuri, kisha akauliza kama nina swali lingine. Nani huniuliza hivyo? Nikatunga maswali kumi na moja. La kumi na mbili, nilimuuliza kama ameshakula. Akanishukuru kwa kuwasiliana nao.

Jumatano, tarehe 6

Balaa! Shangazi kamleta binamu yangu, Profesa. Jina hilo alijipa mwenyewe. Yuko chuo mwaka wa kwanza, naye ana dalali wa kumpendekezea Baba. Kasema nusu saa nzima kwamba mtu makini haangalii kamisheni, anaangalia rangi za chati. Dalali wake ana rangi kumi na sita. Anakata mbili kwa mia!

Zamu yangu ikafika. Nikafungua mdomo, ikatoka kwikwi. Nikasukuma jedwali chini ya kikombe cha Baba, nikatazama sakafu. Profesa akauliza kama mtoto amechora ua.

Baba alisoma mpaka chai ikapoa. Dalali wa nne: nusu kwa mia. Oda kwa kitufe kimoja.

"Kumbe nyumba hii ina mtu," alisema.

Nimeyaandika hapa yasije yakapotea.

Alhamisi, tarehe 7

Akaunti mpya imefunguliwa kabla soko halijaamka. Kasi ya kufungua akaunti: safu ya tano, nilikuwa nimeiandika. Baba anabonyeza mara moja, oda imeingia. Hakuna kiduara.

Saa sita kasoro dakika tano, faida ya siku ikatimia! Sikuamini macho yangu. Nikafuta kete vumbi, nikapanga ubao kwenye kona ya meza. Nyeusi nikampa yeye, ndizo azipendazo. Baba akatazama ubao. Akatazama kioo cha kompyuta.

"Mwanangu, kwa kamisheni ndogo hivi, kuacha sasa si ujinga?"

Oda sabini na nne mpaka soko linafungwa. Hakugeuka hata mara moja. Hakuwa na cha kusubiri.

Jumamosi, tarehe 9

Soko limefungwa. Nikaamka na matumaini, nikabeba ubao mpaka mezani. Baba ameshakaa. Anafanya mazoezi kwa pesa za uongo, kwenye akaunti ya majaribio inayofanya kazi hata sikukuu. Safu ya saba. Niliipa nyota mbili kwa mkono wangu.

Mchana akaja Profesa. Akasema programu yake yenye rangi kumi na sita inachukua robo saa kufunguka, kwa hiyo tucheze drafti, ila nimfundishe sheria kwanza. Nikamwambia nina shughuli nyingi. Lile ua lake sijalisahau! Akakaa peke yake kwenye ngazi ya mlangoni. Mimi nikakaa peke yangu chumbani. Kushoto kumeshinda.

Jumatatu, tarehe 11

Oda mia moja na mbili. Nimemwamkia Baba mara tatu. Ya tatu akaitikia, "Uza."

Nimekaa jikoni nikapekua jedwali, safu kwa safu, kutafuta nilipokosea. Nimepapata! Nusu kwa mia bado ni kubwa.

Na yuko dalali wa sita, sijui vipi alinipita. Hatozi kamisheni. Hata senti! Programu yake ni nyepesi, haikwami, inaingia mpaka kwenye simu. Baba ataweza kuweka oda akiwa bafuni, akiwa jikoni, akiwa amekaa mbele yangu ubao uko katikati.

Jedwali jipya liko tayari. Kesho asubuhi, chini ya kikombe. Kete nimeshazipanga, nyeusi upande wake.