Matairi ya Theluji Mwezi wa Nane

Jumatatu, 4 Agosti 2003

Joto. Tottenham nzima inanuka lami. Nimefagia ofisi za watu tangu alfajiri, miguu imevimba. Lakini Jumamosi binti yangu wa pekee, Plamedie, anaolewa, na mimi mwenyewe nitampeleka kanisani Walthamstow kwa gari-nyumba letu. Nilimwahidi akiwa bado mtoto. Baada ya hapo nife hata kwa uchovu.

Papa Gervais, mjomba wa bwana harusi, kapiga simu. Amekodi gari jeupe refu, anataka bibi harusi apande humo. Nikamjibu kwamba letu lina kitanda, jiko na choo. Akakata simu. Moja bila!

Jumanne, 5 Agosti

Nimepeleka gari kwa Tarsem muuza matairi, mzaliwa wa Nakuru. Akacheka hadi kilemba kikayumba. Akauliza, kwa Kiswahili cha kwao, kama nasubiri theluji. Eti matairi yangu ni ya baridi, mpira wake laini, kwenye joto gari zito halisimami upesi. Loo! Mimi niliyeendesha kule Kongo, Bukavu hadi Uvira, kwenye tope la kumeza lori! Nikamwambia tairi ni meno. Lenye meno makubwa ndilo tairi, mwaka mzima. Akasema Tottenham hakuna tope. Mfanyabiashara huyo, anataka kuniuzia mengine.

Jumatano, 6 Agosti

Sikulala. Nilikuwa nawaza lile neno la kusimama. Matairi ya kiangazi ninayo, mazima kabisa, yako roshani. Ila Célestine, mke wangu, ameyajaza udongo na kupanda lengalenga, mchicha wa kwetu. Nikamwomba kwa upole. Akasema mboga hiyo ni ya kuwalisha wakwe Jumamosi, na atakayeigusa atahamia kwenye gari-nyumba lake moja kwa moja. Yaishe. Mtu mwenye akili hapigani na mboga.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata dawa! Nimeyapaka matairi rangi nyeupe, jua lisiyaingie. Yamependeza, ya harusi hasa. Mgongo unauma. Plamedie akaja kutazama. Anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza tu. Akauliza kama bado kuna nafasi kwenye gari la Papa Gervais. Nikajifanya sikusikia. Iliniuma.

Jumamosi, 9 Agosti

Aibu! Aibu ya mwaka! Ndani: mama za kanisa, sufuria za sombe ya majani ya muhogo na za lengalenga, Célestine akizishikilia, bibi harusi kitandani na shela lake. Gari la Gervais likatangulia. Nikalifuata karibu karibu, asije akatamba kwamba alifika kwanza. Taa nyekundu, Forest Road. Gervais akasimama. Nikakanyaga breki. Sisi hatukusimama. Taratibu, kama watu wanaokwenda kusalimia, tukaingia nyuma ya wakwe.

Hakuna aliyeumia ila sombe. Gari langu likazima, likagoma kuwaka. Gervais akashuka akatangaza barabara nzima isikie: kugonga wakwe siku ya harusi faini yake ni mbuzi! Sisi tuliokula mbuzi wao wa mahari, sasa mmoja anarudi kwao. Kisha akamwita Plamedie apande kwake. Nikatazama lami.

Plamedie akashuka, akakusanya gauni, akaenda kwenye kituo cha basi. Akageuka, akaniita kwa Kiswahili mbele ya wote: baba, njoo, si ulisema utanipeleka wewe?

Dereva wa basi hakudai tiketi. Tulikaa karibu na mlango, akanishika mkono hadi Walthamstow. Nililia. Sioni haya kuandika.

Jumapili, 10 Agosti

Joto limezidi, redio haina habari nyingine. Lengalenga zimeisha, hata Gervais aliramba vidole. Gari limewaka asubuhi kana kwamba halikufanya kitu. Na matairi ya roshani yamebaki matupu! Nikamwamsha Tarsem, akanifungia huku akinung'unika.

Ajabu! Gari linasimama kabla sijamaliza kukanyaga. Célestine ameshapanda mbegu mpya kwenye yale ya theluji. Acha ziote. Yale meno sitaki kuyaona tena.

Nimewaahidi maharusi safari ya Skotilandi Krismasi, kabla Gervais hajawaahidi yeye. Tarsem alipata habari, akaanza kuniambia kitu kuhusu milima na Desemba. Nikamkatiza. Nimeshajifunza: matairi haya haya, mwaka mzima.