Kibali cha Kugeuza Nusu ya Gereji

Wananchi wote wa Nyamitaba walijulishwa kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna gereji itakayogeuzwa kuwa kitu kingine pasipo kibali, nacho kitatolewa tu baada ya mkuu kufika pale kwa gari la ofisi. Tangazo lilisomwa kwa megafoni na Chef Magloire mwenyewe, mkuu wa Ofisi ya Makazi. Kijiji kizima kilikuwa na gereji moja tu, lakini Chef hakuwa mtu wa kungoja tatizo lizaliwe ndipo alitungie kanuni.

Gereji hiyo ilikuwa ya Léonard, mkulima wa maharage. Marehemu baba yake aliijenga akiota lori. Lori halikuja, wakaja mbuzi. Sasa Léonard alitaka kukata nusu yake iwe chumba cha mama yake, Béata, aliyekuwa akilala jikoni juu ya kilima, anakohoa moshi, na magoti yamegoma kupanda utelezi. Mvua zilikuwa njiani. Chef alimhurumia mama yule kwa moyo wake wote, ndiyo maana akamfungulia mwanawe dosye nene ya makaratasi.

"Papa Léonard, ile garage iko na gari?"

"Hapana, Chef. Iko na mbuzi."

"Basi haiko garage. Na kama haiko garage, nitakupa otorizasio ya kugeuza nini?"

"Niko na chukudu," Léonard akajitetea, akikionyesha kigari chake cha mbao.

"Iko na moteri?"

"Kwa kupanda, Chef, moteri njo miye."

Chef akatafakari. Gari pekee pale lilikuwa jipu la ofisi, alilopewa ili awafikie wananchi, naye alilitumia kuifikia ofisi iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Kwa moyo wa kujitolea akaliendesha mwenyewe mpaka ndani kabisa, akazima, akagonga muhuri: GEREJI. Mbuzi wakatolewa kwa heshima.

Ikabaki ramani. Léonard alitaka chumba kiwe nyuma. Chef akatabasamu. Kanuni ilitaka chumba cha kulala kitazame barabara, ili Serikali ikipita ione jinsi raia wake wanavyolala vizuri. Chumba mbele, basi, na gereji nyuma. Tena jipu lisitoke wakati wa ujenzi hata kidogo, maana likitoka tu gereji inakufa na dosye inaanza upya.

"Lakini Chef, gari..."

"Gari iko mu plan. We ulisomea wapi architecture?"

"Sikusoma, Chef."

"Basi jenga."

Léonard akajenga. Majirani walileta mawe, ukuta wa mbele ukasimama imara, na mlango ukawa wa kupita mtu mmoja, kama ilivyoagizwa. Mama Béata alipolala humo mara ya kwanza mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi alilia kwa furaha, na Léonard naye akalia.

Kisha likaja agizo: magari yote ya Serikali yapelekwe Kibabi yakakaguliwe. Chef akaingia, akapita kando ya kitanda, akawasha jipu. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akaiona ramani yake akiwa nyuma ya usukani. Akazima.

"Papa Léonard, vunja huu ukuta."

"Na furaha, Chef. Otorizasio iko wapi?"

"Si miye njo natoa otorizasio!"

"Njo vile. Ila kanuni yako inasema lazima kwanza ufike hapa na gari ya ofisi."

"Gari iko hapa!"

"Haikufika, Chef. Iko tu."

Kule Kibabi Chef hakuonekana. Basi mkaguzi akapanda mwenyewe mpaka Nyamitaba: Madame Brigitte, mama mkavu asiyecheka bila sababu ya kikazi. Aliupima mlango, akalipima jipu, akaikagua sahihi kwenye ramani.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu, Madame."

"Kila kitu iko sawa," akasema, akiandika. "Kitu yenye haiwezi kutoka mu nyumba, iko sehemu ya nyumba. Nyumba iko ya nani?"

Madame akaandika kwamba Ofisi ya Makazi ya Nyamitaba haina gari tena, na ofisi isiyo na gari haihitaji mkuu.

Mama Béata aliinuka kitandani polepole, akamsogelea Chef na kumkunjulia kiganja.

"Papa Magloire, unipatie basi funguo ya nyumba yangu."