Nyota Tano Mlangoni kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe ameandikiwa sindano za sukari, na dawa yenyewe inataka baridi. Hana jokofu. Nikajitolea mbele ya ukoo kumnunulia, kifua mbele. Mke wangu akasisitiza liwe na lebo ya nyota nyingi: siku hizi majokofu yanapimwa, nyota nyingi, umeme kidogo. Shemeji, fundi umeme, akasema nitaleta chuma chakavu. Mimi, niliyekanyaga miji saba!

Jumanne, 5 Machi
Nimeleta chuma chakavu. Lakini kinaunguruma kiume. Nikabandua lebo ya nyota tano kwenye jokofu letu jipya nyumbani, nikakivisha. Mama mkwe akauliza nyota zinafanyaje kazi. Nikafafanua kwa kirefu. Sikumbuki nilisema nini, ila aliniita msomi.

Jumatano, 6 Machi
Mama mkwe alikuwa mshonaji; hakadirii kitu kwa macho. Anasoma mita ya umeme na kuandika ukutani kwa chaki ya kitambaa. Kabla ya jokofu, nusu uniti kwa siku. Leo, nne. Akasema nyota zangu zina njaa. Nikamwambia linazoea nyumba.

Alhamisi, 7 Machi
Udadisi umenishika. Nimesoma mita yetu: nyumba nzima, uniti moja na nusu. Na jokofu letu halina lebo tena! Kumbe kinachookoa umeme si karatasi. Nikabana noti ya pesa kwenye mlango wa jokofu, nikaivuta: imeng'ang'aniwa kama na bahili. Kuta nene, mota inalala kila mara. Kwa mama mkwe noti ilidondoka yenyewe. Mota yake haijalala tangu Jumanne.

Ijumaa, 8 Machi
Uniti za mama mkwe zimekwisha asubuhi. Amekimbiza dawa kwa jirani kabla haijapata joto. Shemeji akakwangua pembe ya lebo kwa ukucha, akauliza nyota hizo nimezitungua kwa manati. Mama mkwe hakucheka. Akasema taratibu: mwanangu, ungeniambia tu huna pesa. Bora angenitukana. Nikabeba jokofu letu mgongoni hadi kwake, bila kupumzika.

Jumamosi, 9 Machi
Ukutani kwa mama mkwe: uniti moja na robo. Dawa baridi, naye anatabasamu. Chuma chakavu kimehamia kwetu. Mke wangu hasemi nami.
Nimelitafakari sana kosa langu. Nyota tano zilizidi, zinatia watu shaka. Nikifuta mbili kwenye lebo, hata shemeji atakinunua hiki chuma.