Mwizi Anapiga Kutoka Voi

Jumatatu, 8 Novemba 1999
Kaloleni, Voi. Mimi, Donald, mhandisi mkuu wa usalama wa kompyuta, nalinda mitambo ya kampuni ya bima iliyoko Mombasa nikiwa hapa chumbani, kwa laini ya simu ya mama mwenye nyumba, Bi Khairat. Leo nasikia Stephen wa ofisini amemwambia mkubwa wetu kwamba hakuna linalotokea, sasa Donald wa nini? Lazima litokee jambo.

Jumanne, 9 Novemba
Mpango: niuvamie mtambo kwa jina la uongo, kisha nimfukuze huyo mvamizi, yaani mimi mwenyewe, ili waone kazi yangu. Nikaingia. Nikabadilisha neno la siri la mkubwa. Kabla sijalirudisha, Bi Khairat akainua simu ya sebuleni ampigie dadake wa Malindi. Laini ikakatika. Nilipojaribu tena, mtambo ukanikataa. Stephen ameona kila kitu isipokuwa jina langu.

Jumatano, 10 Novemba
Mkubwa, Bi Nasima, amepiga. Mwizi amefuatiliwa, anapiga kutoka Voi. Nikafumba macho.
"Donald, wewe si uko huko huko?" akasema. "Mtafute."
Nimekubali. Nimeahidi hata kumleta akiwa hai. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 11 Novemba
Nimezunguka soko zima nionekane natafuta. Kila mwenye kofia ni polisi. Mmoja amenifuata mpaka stesheni ya reli, nikakimbia. Kumbe alikuwa ananiletea mwavuli wangu niliousahau sokoni.

Ijumaa, 12 Novemba
Polisi wamekuja, Stephen nyuma yao. Hawakuniuliza mimi. Simu ni ya Bi Khairat. Walimkuta akichagua mchele, wakamwambia amevunja mtambo wa watu. Akasema hajavunja hata kikombe. Walipomwambia avae buibui waondoke, alinigeukia.
"Donald mwanangu, waambie. Mimi hicho chombo chako hata kukipangusa naogopa."
Nilikuwa na uongo tayari, tena mzuri. Ukakataa kutoka.
"Ni mimi," nikasema. Nikakaa juu ya mchele.

Jumatatu, 15 Novemba
Mwanda, milimani Taita, kwa mama yangu. Bi Nasima hakutaka wateja wasikie, ndiyo maana nimeachiliwa. Kazi kwisha. Baridi, ukungu. Gari likipanda mlima, naingia chini ya kitanda.
Nimepita kwa chifu. Amenunua taipureta ya umeme na anaiogopa. Ameambiwa mwaka 2000 itajizima. Hana mtaalamu wa kuilinda. Kesho, kabla hajafika ofisini, nitaizima kidogo tu.