Wageni Wangu wa Nusu Kichwa

Jumatatu, 6 Julai

Habari kubwa! Mwenyekiti wa Kamati ya Ukaribisho anahama. Anakwenda kuishi kwa binti yake, mbali, na kiti chake kinabaki wazi. Mchungaji alitangaza jana baada ya sadaka. Wazee wa kanisa watatuangalia sisi wakaribishaji, halafu Jumapili ya tarehe 19 watamtaja mpya. Wanataka mtu mwenye moyo wa kuleta wageni. Moyo huo ninao. Umejaa mpaka unamwagika.

Kusema kweli, nakitaka kile kiti hadi nakosa usingizi. Kwenye usharika wetu kila mtu ana lake. Mama watoto anaimba sauti ya pili. Jirani yetu anapiga kengele. Hata yule muuza viatu, ambaye haongei na mtu, ndiye anayepanga maua ya altare, na watu humsifu. Mimi nilitolewa kwenye kwaya kwa maombi ya kwaya yenyewe. Nikaambiwa nisimame mlango mkubwa nitabasamu. Basi natabasamu. Lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba bila mimi ibada ingepwaya, na hilo linaniuma.

Mpinzani wangu ni mmoja tu: Mama Cherehani, mshonaji wa nguo, anayesimama mlango wa pembeni. Mama wa watu hana makuu. Hapo ndipo ninapomwogopa.

Jumatano, 8 Julai

Nimefanya mazoezi ya tabasamu kwenye kioo cha kinyozi, yaani changu mwenyewe. Tabasamu pana, meno ya juu na ya chini. Mteja aliyekuwa kitini akauliza kama nimemkata sikio. Nikamwambia hapana, nakukaribisha. Akaomba kioo kidogo ajihakikishie.

Mama watoto amesema nianze kukaribisha watu nyumbani kwangu kwanza. Mama yake alipokuja mwezi uliopita nilimwachia mlango nikarudi kulala. Nimemwambia ukaribisho wa kanisa ni taaluma nyingine kabisa.

Jumapili, 12 Julai

Balaa tupu!

Asubuhi niliamka na nguvu zote. Nikasimama si mlangoni bali nje kabisa, getini, ili niwawahi wageni kabla hawajauona mlango wa Mama Cherehani. Akaja bibi mmoja na mkongojo, taratibu, sijawahi kumwona. Nikamrukia. Nikamshika mkono, nikamwambia karibu sana mgeni wetu, usiogope, hapa ni nyumbani. Akataka kusema kitu. Nikamwambia asijichoshe. Alijaribu kuelekea mlango wa pembeni, nikamgeuza. Nikamkalisha mbele, benchi la wageni, chini kabisa ya mimbari.

Desturi yetu ni kwamba baada ya matangazo wageni husimama, husema wametoka wapi na nani kawaleta, kisha kwaya huwaimbia na baada ya ibada hunywa chai ofisini kwa Mchungaji. Msomaji wa matangazo ni mzee wa kanisa mmoja mkali, sote tunamwita Mzee Matangazo. Akawaita wageni. Bibi hakusimama. Nikamfanyia ishara. Akatikisa kichwa. Nikamfuata nikamsimamisha kwa mikono yangu.

Bibi akasema amebatizwa humu, amepata kipaimara humu, ameolewa humu na mumewe ameagwa humu. Siku zote hukaa nyuma ya nguzo ya tatu kwa sababu ya upepo, na huingilia mlango wa pembeni. Lakini kwa kuwa kijana amemng'ang'ania, basi anashukuru kukaribishwa, na chai atakunywa.

Kanisa zima kicheko. Mzee Matangazo hakucheka. Mzee Matangazo ni mpwa wake.

Na Mama Cherehani? Ameleta wageni wawili, mume na mke. Nilimuuliza kawapataje. Akasema walikuwa wanapita, akawasalimu. Kawasalimu tu! Lazima kuna siri.

Jumatatu, 13 Julai

Nimeanza kumpeleleza Mama Cherehani. Nilipita mbele ya duka lake mara kadhaa nikijifanya natafuta kifungo. Ameshona, amesalimu watu, ameshona. Akaniita, akanipa kifungo, akaniuliza mama watoto anaendeleaje na kikohozi. Sikujua kama mama watoto ana kikohozi. Nimerudi mikono mitupu, ukiacha kifungo.

Ijumaa, 17 Julai

Wazo limekuja! Limekuja lenyewe, nikiwa naosha vitana.

Kwa nini mtu hurudi mahali? Kwa sababu hajamaliza shughuli yake. Mteja wangu nikimnyoa kichwa chote, anaondoka, simwoni hadi nywele ziote. Lakini nikimnyoa nusu! Huyo atanifuata popote nilipo. Na Jumapili asubuhi nipo wapi? Kanisani!

Nimecheka peke yangu hadi mwenye duka la jirani akagonga ukuta.

Jumamosi, 18 Julai

Mambo yamekwenda kama nilivyopanga. Jioni, wateja watatu. Wa kwanza dereva wa lori, mtu wa kifua. Wa pili fundi bomba. Wa tatu shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, ambaye hajakanyaga kanisani tangu kipaimara.

Kila mmoja nilimnyoa upande wa kulia, safi kabisa, kazi ya kujivunia. Nikifika katikati ya utosi, nazima swichi kwa kiwiko na kupiga kelele: umeme umekatika! Dereva akauliza mbona redio ya duka la jirani inaimba. Nikasema ile ni ya betri. Fundi bomba akauliza mbona taa ya barabarani inawaka. Nikasema ile ni ya serikali.

Wote nikawaambia: msijali, kesho asubuhi njooni kanisani, nitakuwa na mashine ya chaji, ibada ikiisha tu namalizia. Dereva alinishika kola. Alisema kesho ana safari ya kwenda kuonana na wazazi wa mchumba wake, mchana. Nikamwambia basi asichelewe ibada.

Shemeji alijipapasa utosi. Aliniangalia tu, kisha akauliza dada yake alinipendea nini.

Wageni watatu kwa mpigo! Mama Cherehani kwisha habari yake. Nimepiga pasi suruali ya uenyekiti.

Jumapili, 19 Julai

Naandika nikiwa bado nimevaa suruali ya uenyekiti.

Nilisimama mlango mkubwa tangu mapema. Kengele ya kwanza, hawapo. Kengele ya pili, hawapo. Kumbe wamekuja! Walipofika getini wakaona watu wengi, aibu ikawashika, wakazunguka ukuta wakijificha na kutokea wapi? Mlango wa pembeni. Kwa Mama Cherehani!

Yeye, bila kuuliza swali, akawaingiza chumba cha kwaya na kuwavika kofia za kwaya. Zile alizoshona mwenyewe, za zambarau, zenye kishada cha nyuzi kinachoning'inia. Halafu akawaketisha benchi la wageni kwa heshima zote. Wageni wangu! Nikatamani kuangua kilio wakati wa wimbo wa kuingia.

Nikajikaza. Nikasema potelea mbali, watakapoulizwa nani kawaleta, ukweli utajulikana.

Ukweli ulijulikana.

Sasa, kanisani kwetu mwanamume havai kofia. Hata kwaya, wanaume huzivua wakiingia, wanazishika mkononi. Toba imepita, watatu wana kofia. Injili imesomwa, watatu wana kofia. Mzee Matangazo alizidi kukunja uso kila akilitazama benchi la wageni. Alipofika kwenye matangazo hakuanza na vikao. Alianza na kofia. Akasema anawakaribisha wageni wasimame, wajitambulishe, ila kwanza wamheshimu Bwana kwa kuvua.

Wakasimama. Wakatazamana. Dereva akavua wa kwanza.

Shingo zote zikageuka. Spika ikasikika ikinguruma.

Fundi bomba akavua. Shemeji akavua. Nusu tatu za vichwa, zote kulia zinang'aa, zote kushoto msitu. Mtoto mmoja nyuma akauliza kwa sauti kama na sisi tutanyolewa hivyo. Basi! Sauti ya pili ilianguka chini yote, mama watoto akiwa wa kwanza. Mpiga kinanda aliegemea kinanda, kikalia chenyewe. Mchungaji alijifunika uso kwa mkono wa kanzu yake, mabega yakicheza.

Mzee Matangazo akauliza, kwa sauti ya chini, nani amewaleta. Vidole vitatu vikaelekea mlango mkubwa. Dereva alisema hakuletwa na mtu, ameletwa na kichwa chake, na nusu yake nyingine iko kwa yule pale. Fundi bomba alisema umeme ulikatika kwenye duka moja tu mjini. Shemeji alisema yeye ni ndugu wa damu wa mke wangu, na anaomba maombi kwa ajili ya familia.

Lakini huo si mwisho. Ibada ilipoisha nikakimbilia begi langu nitoe mashine, nijikoshe. Mashine haimo! Nimeiacha nyumbani, juu ya suruali nyingine. Dereva akaanza kukunja mikono ya shati. Mama Cherehani akasogea, akaomba kiti, akatoa mkasi wake wa kukatia vitambaa. Akawapunguza mmoja baada ya mwingine, uani, huku bibi wa nguzo ya tatu akiwaletea chai na kwaya ikiwaimbia. Mchungaji akaleta wembe wake mwenyewe wa ndevu kumalizia. Watu walicheka nao, si kuwacheka. Mimi nilishika kioo.

Na hapo uani, Mzee Matangazo akatangaza. Mwenyekiti mpya wa Kamati ya Ukaribisho ni Mama Cherehani. Makofi, vigelegele. Dereva ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

Imeniuma. Nasema wazi, imeniuma. Nilienda kuosha kioo na nikakaa nacho bombani muda mrefu.

Jumatatu, 20 Julai

Mama watoto anacheka usingizini.

Anasema dereva alifika ukweni kwa wakati na wakwe wamemsifia kichwa. Fundi bomba amejitolea kutengeneza bomba la choo cha kanisa. Shemeji ameuliza kwaya inafanya mazoezi lini. Wote watatu wamesema Jumapili watarudi. Nikamuuliza: na nani aliwaleta? Akatoka chumbani. Nikamsikia anacheka jikoni.

Alhamisi, 23 Julai

Mchungaji amekuja dukani. Hakuja kunyoa, amekuja kukaa. Nilidhani nafukuzwa. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kujitetea, mengi yakihusu shirika la umeme.

Hakuniuliza lolote. Alisema Jumapili mlango mkubwa ukibaki bila mimi, yeye akiwa madhabahuni huuona mtupu. Alisema nilikaribishwa kanisani kabla sijamleta mtu yeyote, na ningekaribishwa hata kama nisingemleta mtu hadi mwisho wa maisha yangu. Kwamba pale hatupati nafasi kwa kushindana. Tumeshapewa.

Nililia. Nililia kwenye taulo la wateja. Niliomba msamaha kwa vichwa vyote, vitatu, na kwa bibi. Akaniwekea mkono begani na tukasali hapohapo, kati ya viti. Mama Cherehani naye alipita jioni kuomba nimsaidie, maana wageni wamekuwa wengi na yeye peke yake hawezi. Nimekubali.

Naandika hili kwa moyo mweupe: mimi leo ni mtu mpya. Sitaki cheo. Sitaki sifa. Nimeshajifunza.

Jumamosi, 25 Julai

Mtu mpya anaendelea vizuri.

Ila jambo moja. Mteja wa asubuhi amenidokeza kwamba mmoja wa wazee wa kanisa anastaafu, na kwamba Mchungaji ana sauti kubwa katika kumpendekeza atakayechukua nafasi yake. Mzee wa kanisa! Anayekaa mbele, anayebeba sadaka, anayeitwa mzee hata na watu wazima! Nikakumbuka maneno ya juzi. Kwamba huuona mlango mtupu nisipokuwepo. Mtu hasemi hivyo bure. Alikuwa ananipima.

Na sasa jioni hii, kana kwamba imepangwa, Mchungaji mwenyewe ameingia. Kesho mkuu wa jimbo anakuja kuhubiri usharikani kwetu, kwa hiyo anataka kichwa safi. Nikamkaribisha. Nikamfunga kitambaa. Nikaanza kwa unyenyekevu mkubwa upande wa kulia.

Sikupanga. Naapa sikupanga. Lakini nilipofika katikati ya utosi mkono ulisimama wenyewe. Nikamweleza kwamba mashine imepata moto na inabidi ipumzike kidogo. Na wakati inapumzika, nikasema, labda tuzungumzie kidogo habari za uzee wa kanisa.

Amefumba macho. Midomo inachezacheza, nadhani anasali. Mimi naandika hapa kwenye kona, namwangalia kwenye kioo. Hajakataa. Ameomba tu nimletee simu yake, anataka kumpigia Mama Cherehani amletee mkasi. Bila shaka anataka shahidi wakati wa kunitaja.