Bolti Iliyovaa Nguo Nyingi

Jumatatu, 9 Machi
Sijamwambia mtu yeyote. Aliyeng'oa meno ya tundu la bolti kwenye kabureta ya pikapu ya babu ni mimi. Bolti ilikuwa imekaza vizuri tu. Nikaona niiongezee kidogo, kwa heshima. Krak. Sasa inazunguka bure, kabureta inacheza, pikapu inakohoa. Na Jumamosi anakuja shangazi, mwenye gereji, kuchagua mwanafunzi mmoja: mimi au kaka. Kaka tunamwita Meneja. Hajawahi kushika spana, lakini maelekezo hayamwishi.

Jumanne, 10 Machi
Nimezungushia bolti uzi wa kushonea. Ikashika! Babu akawasha, injini ikatetemeka, uzi ukakatika, bolti ikadondoka. Babu akauliza gari linaumwa nini. Nilitaka kusema ukweli. Nikasema labda baridi. Babu akajifuta jasho.

Alhamisi, 12 Machi
Jana: uzi mpya, rangi ya kucha ya mama, nyekundu. Juu yake bigijii niliyoitafuna mwenyewe. Juu yake gundi ya chuma. Leo pikapu imenguruma vizuri mpaka nikaona haya. Meneja akatoka na mswaki mdomoni, akamwambia babu ameitengeneza yeye. Babu akampa mkono. Mimi nimesimama palepale, spana mkononi.
Mama anatafuta rangi yake.

Jumamosi, 14 Machi
Shangazi hajanywa hata maji, amefungua boneti. Akauliza kucha za nani hizi. Akachokonoa: gundi, bigijii, rangi, uzi. Akasema tangu aanze ufundi hajaona bolti iliyovaa nguo nyingi hivi, na fundi wake ni nani? Babu akamwonyesha Meneja kwa fahari. Meneja akasema babu kachanganya, yeye hata hajui kabureta iko upande gani.
Nikanyoosha kidole, kama darasani.
Shangazi alicheka mpaka akakalia bampa. Akasema anayeharibu kwa bidii hivi, bora aharibu mbele ya macho yake. Nimechaguliwa!
Akapanua tundu kwa drili, akalikatia meno mapya, akaskurubu ndani koili ndogo ya chuma, mfano wa springi ya kalamu. Bolti ileile ikashika humo. Akaniambia, mwanangu, ikishagusa, robo duara tu, kisha uiache. Nikasema nimeelewa, shangazi.

Jumapili, 15 Machi
Wote wako mezani, shangazi anamsimulia babu jinsi nilivyo mwepesi kuelewa. Nilitoka kuitazama bolti tu. Inapendeza. Lakini robo duara, kwa gari la mzee kama yule, niliona kama dharau. Nikaiongezea kidogo.
Krak.
Kesho shangazi ananipeleka gereji kwa pikapu hiihii. Ya mama imekwisha, ila dada ana rangi ya kucha ya bluu, na bigijii nimeshaanza kuitafuna. Wewe unayesoma, tafadhali, hujaona kitu.