Ukuta Wako Haujapinda, Baba Mkwe

Kwa Baba Mkwe mtarajiwa,
Fundi mkuu wa matofali na saruji,

Shikamoo, Baba. Natumaini hasira zimepungua kidogo tangu ulipoibandua ile picha mlangoni pa duka la vifaa vya ujenzi na kuikunjakunja mbele ya watu. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na binti yako anasema umetamka kwamba hakuna harusi mpaka nieleze kwa nini ukuta wa nyumba yako, ulioujenga kwa mikono yako mwenyewe, umetoka kitambi kwenye picha niliyokupigia ya kutangaza ufundi wako. Najua wateja wamekukimbia, na muuza misumari anakuuliza kila asubuhi ukuta utajifungua lini. Inaniuma, tena sana. Lakini nimehukumiwa kabla ya kusikilizwa, kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Aliyekosa si mimi, ni lenzi. Niliirithi kwa babu, nayo ni ya tangu enzi za filamu. Kila lenzi ina kasoro yake. Hii yangu hupindisha mistari iliyonyooka. Lenzi za siku hizi zikifungwa kwenye kamera ya dijitali hujitambulisha zenyewe, kwa vile vichuma vidogo vya rangi ya dhahabu vilivyo nyuma yake. Kamera ikishajua mgeni ni nani na ana kasoro gani, huinyoosha picha kimyakimya. Ya babu haina hata kichuma kimoja. Iliingia bila hodi, kamera ikanyamaza, ukuta ukavimba.

2. Kamera nayo isilaumiwe. Ingebahatisha, ingekuwa kama fundi cherehani anayepunguza suruali ya mtu asiyempima.

3. Basi ikiwa hata mashine haimnyooshi isiyemjua, mimi umenijua lini? Umeniona mara mbili, zote nimevaa tai. Naomba nihamie kwako mwezi mzima kabla ya harusi, nile, nilale na nikorome hapo hapo, ili kasoro zangu zote zijulikane na zirekebishwe mapema. Godoro nitakuja nalo.

4. Shangazi wa bibi harusi, anayesema picha iliyopinda hupigwa na mtu aliyepinda, naye ataje kasoro zake hadharani, ili ukoo wetu ujue nani wa kunyooshwa na nani wa kuachwa alivyo. Mama mkwe simgusi.

Baba, nampenda binti yako, na hayo mengine yote ni maelezo tu. Nisalimie Mama, vijana wako wa zege, na hata huyo muuza misumari.

Mwanao mtiifu, anayengoja jibu na mke,
Mpiga Picha

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nimeazima lenzi ya kisasa, nikaja kuupiga picha ukuta upya wewe ukiwa kazini. Kamera imeitambua lenzi papo hapo, ikanyoosha kila kitu: geti, nguzo ya umeme, hadi ukuta wa jirani. Wako umebaki na kitambi chake. Picha nimeifuta, na binti yako sijamwambia. Nashauri mimi na wewe tuendelee kuilaumu lenzi mpaka tuzeeke, na siku ya harusi viti vya wageni tuvipange mbali kidogo na huo ukuta.